Uzito wa Mtoto Mchanga

Fimbo ilining'inia katikati ya chumba, imefungwa kamba kiunoni na kuangikwa kwenye boriti. Upande mmoja palikuwa na kikapu chenye pakiti ya unga na pakiti ya sukari. Upande wa pili palikuwa na shanta kuukuu la kijani, lile la kubebea mizigo milimani, limejaa pomoni na zipu zake zote zimefungwa. Ejore aliiachia fimbo taratibu, kama anayemwachia mtoto ajaribu kusimama. Shanta likashuka puu mpaka sakafuni, kikapu kikaruka juu, na unga ukammwagikia kichwani.

"Bado," alisema Ejore, akauchukua wembe.

"Bado nini?" aliuliza dada yake Nakeno, aliyekuwa ameketi mlangoni akisuka kikapu cha makuti ya mkoma. "Hilo jiwe lako hata ulinyoe nywele halitaelea."

Ejore alikuwa amepiga magoti mbele ya shanta, akiligeuza huku na huku kama mchinjaji anayetafuta pa kuanzia. Watu wa mtaa wao pale Lodwar walikwisha kuzoea vituko vya madereva wastaafu, lakini hiki kilikuwa kipya. Majirani wawili walikuwa tayari wamekuja kuazima chumvi ambayo hawakuihitaji.

Chanzo cha yote kilikuwa daktari. Mwanzoni mwa mwaka Ejore alipasuliwa ngiri katika hospitali ya misheni kule Kakuma, na siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia, "Mzee, mpaka mvua zijazo zipite, usibebe kitu chochote kilicho kizito kuliko mtoto mchanga." Ejore akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachoambiwa. Alikuwa njiani kurudi nyumbani aliponasa kwenye swali dogo lililomtoa jasho: mtoto mchanga ana uzito gani? Alikuwa na watoto wanne. Wote walizaliwa yeye yuko barabarani, kati ya Lokichoggio na mahali pengine, na kila aliporudi alimkuta mgeni wake ameshajua kukaa, au ameshajua kumkimbia.

Alipomwuliza Nakeno, dada yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Wanne, Ejore! Wanne!" Kisha akaingia ndani, akamwekea pakiti ya unga mkono mmoja na ya sukari mkono wa pili. "Ni hivyo. Ila huyu hakupigi mateke."

Basi ndipo mizani ikaundwa. Ejore angekaa kitako na kutii amri ya daktari kama si simu ya Akal, binti yake wa mwisho, aliyeolewa kwa wafugaji wa upande wa Namoruputh, huko kwenye miinuko inayotazama Uganda. Akal alipanda kilima kutafuta mtandao, akapiga akiwa anahema.

"Baba, mtoto atakuja mvua hizi. Niletee ngozi ya mama."

"Itakufikia. Kuna dereva mmoja namfahamu, anapita huko na—"

"Usimpe dereva."

"Ni mtu mwaminifu, Akal."

"Najua. Wote ni waaminifu." Upepo ulipita kwenye simu. "Ukimpa mtu, sitaipokea. Ulete wewe."

Simu ikakatika, na Ejore akabaki ameishika sikioni. Hakukasirika. Alijua neno hilo limetoka wapi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutuma. Alituma sare za shule, alituma mbuzi wa Krismasi, alituma mahari ya mpwa wake juu ya magunia ya mahindi ya msaada. Hata Nasike, mkewe, alipougua, Ejore alimtumia dawa, na dawa ilifika kabla yake. Mwaka uliopita mimba ya kwanza ya Akal ilipoharibika, alituma sukari. Ilifika salama, dereva alipiga simu kuthibitisha. Ejore alilala siku ile akiamini amefanya kazi ya baba.

Ngozi yenyewe ilikuwa ya mbuzi, imelainishwa kwa mafuta mpaka ikawa kama kitambaa, na pembezoni imeshonewa shanga na vipande vya ganda la yai la mbuni. Mama yake Nasike alimbebea Nasike, Nasike akawabebea wanne wote, na kwa watu wa ukoo wake ilitoka mkononi mwa mama ikaingia mkononi mwa binti, haikupitia sokoni wala kwa jirani. Nakeno angeipeleka kwa furaha, lakini magoti yake yalikuwa yamempigia marufuku safari yoyote inayozidi soko la samaki. Kaka zake Akal walikuwa Nairobi na Kitale, na walikuwa wamerithi tabia ya baba yao. Alibaki Ejore. Na Ejore naye hakutaka kuonekana njiani na ngozi ya kubebea mtoto begani, wachungaji wakapata cha kuchekea mpaka mwaka mwingine. Ndiyo maana akalikumbuka shanta.

Alilipata Lokichoggio, miaka ile ya mwisho ya neema, ndege zilipoanza kupungua na ofisi za misaada kufunga milango moja baada ya nyingine. Mgeni mmoja mrefu aliliacha kwenye kiti cha lori la Ejore, ama kwa kusahau ama kwa kuchoka nalo. Lilikuwa limetengenezewa mtu wa nchi ya theluji: kitambaa kinene, vyuma viwili mgongoni, mifuko juu ya mifuko, mikanda ya kukazia mikanda mingine, na mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji na kifungo kikubwa cha plastiki kilichofungwa kwa mlio wa *ta*. Likiwa tupu tu, lilikuwa limekwisha kumshinda mtoto mchanga.

Mvua zilikuwa zimekula barabara ya Namoruputh. Gari lilifika kwenye laga kubwa, mto wa msimu wa mvua, na zaidi ya hapo ni miguu, tangu asubuhi mpaka jua limepinda, tena kupanda. Kwa hiyo Ejore alinyoa. Kwanza alivichomoa vyuma vya mgongoni. Halafu akakata kifuniko, mifuko ya pembeni, vitanzi, na zile nembo zilizoshonwa kwa majivuno. Mkanda wa kiunoni aliukata bila kusita, maana ungepita juu ya mshono wake wa tumboni. Akaigawa blanketi nusu. Samli akaitoa kwenye kopo na kuitia kwenye chupa ya plastiki. Tumbaku ya wakwe akaitoa kwenye mkebe na kuifunga karatasini.

"Na hilo gogo?" Nakeno aliuliza, akinyooshea kidole ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume hukalia mchana na kulazia kichwa anapopumzika.

"Hilo linabaki."

"Ni zito kuliko vyote ulivyokata."

"Unataka nifike kwa wakwe nikae chini kama mbuzi?"

"Na maji?"

"Maji hayahesabiwi. Maji hupungua njiani."

Nakeno akatikisa kichwa na kurudi kwenye makuti yake. Ukweli ni kwamba kaka yake alikuwa anafurahi, na furaha ile Nakeno hakuwa ameiona usoni pake tangu matanga ya Nasike. Miezi mitatu alikuwa ameambiwa keti, lala, usiinuke, usiinue. Sasa alikuwa na kazi iliyotaka akili na mikono, na kila kipande kilichoanguka kilimpunguzia kitu ambacho mizani haikukionyesha. Alikata, akapima, akakata, akapima. Wembe ukimkolea mtu kiganjani hajui tena pa kukoma.

Mwishowe ilibaki kidogo tu. Shanta lilikuwa linashuka, lakini kwa aibu. Ejore akatoa kila kitu, akakitazama kimoja kimoja, na jicho lake likaiangukia ngozi. Ilikuwa na mikia. Mikia minne mirefu ya ngozi nene, miwili juu na miwili chini, imeshiba mafuta ya miaka mingi na kufungiwa pete za chuma nchani. Akaipima mkononi. Mapambo, aliwaza. Wanawake na mapambo. Ngozi yenyewe, mahali pa mtoto pale, ilikuwa nyepesi kabisa. Wembe ukapita mara nne.

Akaiangika fimbo. Shanta likasita, likayumba, kisha likatulia hewani, sawasawa na unga na sukari.

"Nakeno! Njoo uone!"

Nakeno aliingia akitabasamu tayari, akautazama mlingano ule, akafungua kinywa amsifu. Kisha akaiona ile mikia sakafuni.

"Hizi ni nini?"

"Vikia tu. Vya ngozi ile. Vilikuwa vinaongeza uzito bure."

Dada yake aliitoa ngozi kwenye shanta, akaitandaza mgongoni mwake, akainama kama wanavyoinama wanawake wanapotaka mtoto akae, na mikono yake ikaenda nyuma kuzishika kamba, moja ya begani, moja ya kwapani, mbili za kiunoni. Ikarudi mitupu. Akabaki ameinama vile vile kwa muda.

"Umeikata mikono, Ejore," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Angemfokea, Ejore angejua la kufanya. Alikuwa amefokewa na mapolisi wa vizuizi vyote vya kaskazini. Aliichomoa ekicholong shantani, akakaa juu yake. Maisha yake yote alikuwa amewaona wanawake wakibeba watoto, aliwaona kwa maelfu, lakini kupitia kioo cha lori, wakisogea kando ya barabara kumpisha. Hakuwahi kumwona hata mmoja akifunga.

Aliwaza kwamba atazishona asubuhi. Akaziacha kamba kizingitini, juu ya gazeti, na asubuhi alipotoka alikuta gazeti limelambwa na pete nne za chuma zimeachwa mchangani safi kabisa. Mbwa wa jirani alikuwa amelala kivulini, tumbo juu, hana neno na mtu.

"Ngozi mpya ya kukata kamba huchukua siku nyingi kulainika," Nakeno alisema. "Na Akal hatakungoja."

"Najua."

"Utamwambia nini?"

Ejore aliziokota pete, akazifuta kwa shati. Jambo la kwanza lililomjia akilini lilikuwa kutafuta dereva. Ampe ngozi, na maelezo yafike kabla yake. Alipoona mawazo yake yamekimbilia wapi, aliona haya mbele ya dada yake, ingawa Nakeno hakuwa na njia ya kuyajua.

Siku ile ile alipata lori la kwenda Kakuma. Alikaa kiti cha abiria, shanta mapajani, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo. Mtu aliyemwendea huko alikuwa Mawien, fundi cherehani wa Kijieng, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, katika soko la kambi, rafiki yake tangu enzi ambazo Mawien alishona viraka vya mahema na Ejore akimletea nyuzi kutoka Lodwar. Mlangoni kwa Mawien palikuwa na mifuko mitatu iliyofungwa tayari kwa safari ya kurudi kwao. Ilifungwa tangu nchi yao ipate bendera, karibu miaka miwili sasa, na ilifunguliwa kila mkewe Adut alipohitaji sufuria.

"Ejore, ndugu yangu! Ejok? Uko mzima?"

"Ejok. Nimekuja na ugonjwa."

"Tumbo tena?"

"Hapana. Huu," alisema Ejore, akaitandaza ngozi juu ya meza ya cherehani.

Mawien aliipapasa polepole kwa kidole gumba. Alipofika kwenye pembe zilizokatwa alisimama.

"Nani amekata hii?"

"Wembe."

"Wembe iko na miguu?"

"Nimekata mimi, Mawien. Nilidhani ni mapambo."

Fundi hakucheka, na kwa hilo Ejore alimshukuru kimoyomoyo. Mawien alijaribu kamba ya katani, akaitupa. Ingemchuna mama begani. Akajaribu vipande vya ngozi ya viatu, vikawa vikavu kama kuni. Akajikuna kidevu. Ejore, kwa kukosa la kufanya, alikumbuka zawadi aliyomletea: gunia dogo la mabaki ya shanta, mikanda na vitambaa vyote alivyokata, maana dereva wa zamani hatupi kitu. Akayamwaga mezani.

Mawien akaunyakua mkanda wa kiunoni. Akaubonyeza sponji. Akafunga kifungo: *ta*. Akafungua, akafunga tena: *ta*.

"Na hii? Hii ulikuwa unatupa?"

"Inanibana mshono."

"Wewe inabana. Lakini mama..." Akageuka akaita, "Adut! Kuja kidogo."

Adut alitoka jikoni akijifuta mikono. Aliitazama ngozi, akautazama mkanda, akawatazama wanaume wawili, na hakuhitaji maelezo marefu.

"Mama akishazaa anataka tumbo ifungwe," alisema. "Ifungwe nguvu. Hii mkanda ni mzuri. Weka chini, hapa. Zile nyembamba weka juu, zipite bega." Kisha akamgeukia Ejore. "Wewe mzee hujui vile wanafunga?"

"Sijui."

"Watoto wangapi?"

"Tafadhali usiniulize hiyo," alisema Ejore, na Adut akacheka kwa huruma.

Sindano ya cherehani ilivunjika kwenye ngozi kwa jaribio la kwanza, kwa hiyo Mawien alishona kwa mkono, akitoboa kwa msharasi na kuvuta uzi uliopakwa nta. Ejore alishika upande wa pili. Walikaa vile alasiri nzima, vichwa vikikaribiana. Mikanda ya begani ilishonwa juu, mkanda wa sponji ukashonwa chini, na zile pete nne za chuma zikarudishwa kila moja kwenye pembe yake. Mawien alisema watu hufikiri safari ni miguu, kumbe safari ni kujua cha kuacha. Yeye mwenyewe kila akipakia mifuko yake huona kitu kimoja kimezidi, na bado hajakijua ni kipi. Ejore akaendelea kushika ngozi.

Ilipokwisha, Adut alileta mfuko mdogo wa mtama. "Huyu ndiye mtoto. Vaa, mzee."

"Mimi?"

"Nani amekata?"

Basi akavaa. Adut akamwonyesha: inama, shika, pitisha begani, sawazisha, funga. Kifungo kikaukosa mshono wake, kikakaa juu ya nyonga, *ta*. Ejore akainuka na mtama mgongoni. Wauza mboga wa upande wa pili wakapiga vigelegele, vijana waliokuwa wakicheza karata wakasema maneno ya Kisheng ambayo alishukuru kutoyaelewa, na mama mmoja akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Ejore alisubiri aibu imwue. Haikumwua. Alizunguka meza ya cherehani mara moja, kisha, bila kuambiwa, akazunguka tena.

Siku mbili baadaye gari lilimshusha kwenye laga kubwa, na Ejore akalivaa shanta lake lililonyolewa. Maji ya mto yalikuwa yamepungua, yakampata magotini. Ng'ambo ya pili njia ilianza kupanda kati ya mawe mekundu na migunga iliyochipua majani ghafla, kama iliyokuwa ikingoja ruhusa. Alitembea kwa hofu mwanzoni, kiganja tumboni, akisikiliza mshono. Mshono ulinyamaza. Alipofika mwinuko wa kwanza alikaa juu ya ekicholong, akanywa maji, na maji kweli yakapungua. Mwinuko wa pili alisahau kuweka mkono tumboni. Wa tatu alijikuta anapiga mluzi, na alipogundua kwamba ni yeye anayepiga, akacheka peke yake. Alikuwa mzima. Miezi yote ile hakuwa ameamini.

Lakini kadiri mzigo ulivyozidi kuwa mwepesi, ndivyo neno atakalomwambia Akal lilivyozidi kuwa zito. Alijaribu kulianza kwa njia kadhaa. Kwamba mvua iliharibu. Kwamba kamba zilikuwa zimechakaa, Nakeno ni shahidi. Kwamba fundi alishauri. Kila njia ilikuwa na dereva mwingine ndani yake.

Jua lilikuwa limepinda alipoviona vibanda vya boma la wakwe. Alisimama. Mbwa walibweka, mbuzi wakalia, lakini sauti aliyokuwa akiitafuta hakuisikia. Hapakuwa na kilio cha mtoto. Mama mkwe wake Akal alikuwa amekaa nje ya kibanda, kichwa ameinamisha, hatikisiki. Miguu ya Ejore iliyopanda milima yote ile ikakataa kumaliza uwanja. Akaikumbuka sukari. Alimwomba Mungu kwa maneno mawili, yale aliyozoea kuyasema breki zinapofeli, akasogea.

Mama yule akainua kichwa. Alikuwa akichagua mawe kwenye ungo wa dengu.

"Ejok," alisema, akaweka kidole midomoni. "Polepole. Ndiyo kwanza amenyamaza."

"Nani?"

"Mtoto. Ana kelele huyo, tangu juzi hatujalala. Ni msichana. Mama yake mzima."

Ejore aliketi. Hakutoa ekicholong, alikaa chini, vumbini, kama mbuzi. Machozi yakamtoka mbele ya mkwe bila yeye kuyazuia.

Akal alitoka kibandani akitembea kwa uangalifu, uso umechoka na kung'aa. Mtoto alikuwa kifuani, amefungwa kwenye shuka. Alimtazama baba yake chini pale, vumbi mpaka nyusi, na shanta lisilo na kifuniko wala mifuko mgongoni mwake.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Kwa miguu?"

"Kutoka laga."

Akal akakaa karibu naye. Ejore alilivua shanta, akaitoa ngozi, akampa kwa mikono miwili. Binti aliifunua. Akanusa kwanza, macho amefumba, maana harufu ya mafuta ya mama yake ilikuwa bado imo. Vidole vyake vikazitambua shanga, vikayatambua maganda ya yai la mbuni. Kisha vikafika pembeni, vikagusa sponji, vikagusa plastiki, vikakoma.

"Kamba za mama ziko wapi?"

Njia zote alizoziandaa zilikuwepo, zimepangwa, kila moja ina mafuta ya kutosha kumfikisha. Ejore alizitazama zikipita.

"Nimezikata mimi," alisema. "Nilikuwa napunguza uzito. Nilidhani ni mapambo, kwa sababu sikuwahi kumwangalia mama yako akikufunga. Hata siku moja. Kisha mbwa akazila."

Mama mkwe aliacha kuchagua dengu.

"Mbwa akazila," Akal alirudia.

"Alibakiza pete. Pete ni zile zile."

Mabega ya Akal yalianza kutetemeka, na Ejore akainamisha kichwa kupokea kilio alichokistahili. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kile kile cha Nasike cha kuanzia puani, kicheko ambacho Ejore hakukisikia tangu amzike mwenye nacho. Akal alicheka mpaka akashika tumbo lake lenye maumivu, akisema "usinichekeshe, Baba, naumia," na machozi nayo yakawa yanashuka humo humo, ya Nasike, ya mtoto wa kwanza, huenda na ya sukari. Ejore alikaa pale pale.

Alipotulia, Akal aliitupa ngozi mgongoni, akajaribu kufunga. Mikanda ilimpotea. Kifungo alikigeuza juu chini, akakisukuma, kikagoma. Mama mkwe akaja kusaidia, naye akashindwa, akauliza jambo hilo limetoka wapi.

"Lete," alisema Ejore.

Aliinuka. Akainama kama Adut alivyomwonyesha, mkwe akamtoa mtoto kwenye shuka, akamweka katikati ya ngozi, na Ejore akapitisha mikanda begani, akasawazisha, akavuta. *Ta.* Mtoto alishtuka, akatoa sauti ndogo ya kulalamika, kisha akalaza shavu mgongoni pa babu yake na kutulia. Alikuwa na joto. Unga na sukari havikuwa na joto. Ejore alisimama wima polepole, akiupima uzito ule kwa mwili wake wote, na alipouona umekaa mahali pake alishusha pumzi ndefu ambayo hata mbuzi waliisikia.

"Sasa nilale kidogo?" Akal aliuliza, kama msichana anayeomba ruhusa.

"Lala."

Akal akajilaza palepale kivulini, akaichomoa ekicholong ya baba yake shantani, kichwa akakiweka juu yake, na kabla ya neno la pili usingizi ukamchukua. Wachungaji wawili waliokuwa wakirudi na mbuzi walisimama kwenye ua, wakamtazama mzee yule na ngozi mgongoni. Ejore akawapungia mkono. Alikuwa amechoka, miguu ilimwuma, na angependa kuketi. Lakini Adut hakumfundisha jinsi ya kukaa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo aliendelea kutembea, akizunguka boma polepole, na kila alipopita mbele ya binti yake alipunguza hatua.